Kuandaa Pikapu au Lori Dogo kwa Safari Ndefu za Kambi Porini: Anza na Mizani

Kabla hujanunua hema la kufunga juu ya paa, kabla ya taa za ziada na winchi (mashine ya kuvuta gari kwa kamba), lipeleke gari lako kwenye mizani ya magari. Nimeona magari mengi yakirudi kutoka porini yamefungwa kamba nyuma ya gari jingine, na karibu kila mara ubovu ulikuwa na mzizi mmoja: yalibebeshwa kuliko yalivyoundwa kubeba. Springi iliyokatika, chesi iliyopata ufa nyuma ya kabini, beringi iliyoungua, tairi lililopasuka, injini iliyochemka kwenye mchanga. Ukifuatilia chanzo, mara nyingi utaukuta uzito umekaa hapo.

Mwongozo huu ni wa pikapu au lori dogo la 4x4 litakalokaa siku nyingi mbali na lami, fundi na kituo cha mafuta. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu namba za hatua moja ndizo zinazoamua ile inayofuata.

Hatua ya 1: Igeuze safari iwe namba

"Tunakwenda porini wiki mbili" haimsaidii mtu kupanga. Unahitaji kujua kipande kirefu zaidi cha njia kisicho na mafuta, idadi kubwa zaidi ya siku kati ya chanzo kimoja cha maji na kingine, mtakuwa watu wangapi, na ardhi mtakayopita ni ya aina gani: mchanga, mawe, tope au vumbi gumu.

Chukua mfano nitakaoutumia hadi mwisho. Watu wawili. Kipande kirefu bila mafuta ni kilomita 600. Siku nyingi zaidi bila maji ni 5.

Gari linalokula lita 12 za dizeli kwa kila kilomita 100 za lami linaweza kufika lita 18 hadi 20 kwenye mchanga na gia nzito. Piga hesabu kwa ile mbaya zaidi: kilomita 600 kwa lita 20 kila mia ni lita 120. Ongeza asilimia 30 ya akiba kwa ajili ya kupotea njia, kugeuza na kukwama, unapata lita 156. Kama tangi lako ni la lita 80, unahitaji lita 76 za ziada, yaani madumu manne ya lita 20.

Kwa maji, weka lita 6 kwa mtu kwa siku sehemu ya joto. Hapo ni kunywa, kupika na kunawa kidogo, kuoga hakumo. Watu wawili kwa siku 5 ni lita 60. Ongeza theluthi ya akiba, unapata 80.

Hatua ya 2: Fungua daftari la uzito

Kwenye fremu ya mlango au ndani ya boneti kuna kibati cha mtengenezaji chenye uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa na kila kitu, na uzito wa juu wa kila ekseli. Namba hizo ziandike ukurasa wa kwanza. Kisha jaza tangi, toa mizigo yote, upime gari tupu: kwanza lote, halafu ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake.

Tuseme gari tupu lina kilo 2,200 na linaruhusiwa kufika 3,200. Una kilo 1,000 za kucheza nazo, na kwa maneno zinaonekana nyingi. Sasa orodhesha:

- Watu wawili: 150
- Bampa ya chuma mbele pamoja na winchi: 95
- Bodi la kufunika nyuma: 80
- Hema la juu ya paa na keria yake: 90
- Droo za mbao na chuma: 70
- Betri ya pili: 30
- Friji ikiwa imejaa: 40
- Tairi la pili la akiba na ringi yake: 35
- Dizeli ya ziada, lita 80: 67
- Maji, lita 80: 80
- Zana na spea: 50
- Vifaa vya kujikwamua: 40
- Chakula, jiko na vyombo: 60
- Nguo na matandiko: 40

Jumla ni kilo 927, na hapo hujahesabu uzito wa madumu yenyewe, meza, viti wala kamera. Mali bila daftari huisha bila habari, na kilo nazo huisha vivyo hivyo.

Gari hilo lingekuwa na kilo 3,127. Kwenye karatasi limepita. Kwenye njia mbovu halijapita, kwa sababu kila shimo linaugonga uzito huo na kuuzidisha kwa nukta ya sekunde. Kanuni yangu ni kutovuka asilimia 90 ya uzito unaoruhusiwa, ambayo hapa ni kilo 2,880. Kwa hiyo tunatafuta kilo 247 za kuacha.

Hema la juu ya paa na keria yake vikiondoka, hema la chini la kilo 12 likachukua nafasi, zimepungua 78. Droo zikiachia masanduku mepesi ya plastiki ya kilo 15, zimepungua 55. Betri ya lithiamu ya kilo 12 badala ya ile ya kilo 30, 18 nyingine. Bampa nzito na winchi vikibaki nyumbani, 95. Jumla 246, karibu zote tulizotafuta. Si lazima ukate haya haya, lakini lazima ukate kitu, na uamue kabla ya kununua.

Watu wengi hufunga springi nzito wakadhani wameongeza uwezo wa gari. Springi huinua mkia tu. Ekseli, beringi, breki na chesi ni zile zile, na namba ya kibati haijabadilika.

Angalia pia uzito unakaa wapi. Kitu cha kilo 100 kikiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari lenye mita 3 kati ya ekseli, kinaibebesha ekseli ya nyuma kilo 133 na kuinyanyua ya mbele kwa kilo 33. Tairi la akiba, madumu na sanduku la zana vikining'inia mkiani, chesi inakuwa mti wa kubembelea, na hupasuka pale kabini inapokutana na bodi. Vizito vikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, karibu na ukuta wa kabini.

Hatua ya 3: Tengeneza kilichopo kabla ya kuongeza kipya

Gari la miaka kumi lenye mikanda mipya, rejeta safi na beringi zilizopakwa grisi litakufikisha mbali kuliko gari lililopambwa ambalo hujui historia yake. Fanya kazi hii angalau wiki sita kabla ya kuondoka, ili sehemu mpya yenye kasoro ife ukiwa bado mjini.

Badilisha oili ya injini, ya giaboksi, ya kisanduku cha 4x4 na ya difu (gia za katikati ya ekseli) zote mbili. Oili ya difu ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia. Chanzo huwa ni kipumulio, tundu la difu la kupitishia hewa: difu ikiwa ya moto ikizama kwenye mto baridi, hewa ya ndani husinyaa na kunyonya maji kupitia sili. Refusha mipira ya vipumulio hadi ndani ya boneti.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakichakaa huchemka kwenye mteremko mrefu, pedeli ikazama hadi chini. Yabadilishe kama yamefika miaka miwili. Osha rejeta kwa maji ya kutoka upande wa injini kwenda nje, si kinyume chake, maana ukisukuma uchafu ndani unaushindilia. Mbegu za majani makavu huziba rejeta haraka, hivyo wavu mwembamba mbele yake unafaa sana.

Kwa hewa ya injini, fungua kisanduku cha filta, pangusa upande safi kwa kitambaa cheupe. Vumbi likionekana hapo, kuna kiungo kinachovuja, na injini inasagwa polepole. Hata gari lenye snokeli (bomba la kuvutia hewa kutoka juu) hulipimi kwa urefu wa bomba, unalipima kwa kitambaa hicho.

Ukibadilisha mikanda na mipira ya maji ambayo bado ina uhai, usiitupe. Ifunge, iandike jina, iwe spea. Tayari imethibitika kwamba inalingana na gari lako.

Kwa injini mpya za dizeli zenye chujio la moshi kwenye ekzosi, hakikisha njiani utapata dizeli yenye salfa kidogo kama kitabu cha gari kinavyotaka. Na ya kila injini ya dizeli: beba filta mbili za mafuta na ujue kuzibadilisha na kutoa hewa kwenye mfumo. Dizeli ya kwenye mapipa mara nyingi ina maji na mchanga.

Hatua ya 4: Springi na shokapu

Chagua springi kwa uzito ambao gari litaubeba kila siku, ule uliopima. Ukiweka springi ya kilo 500 kwenye gari linalobeba 250, matairi yatarukaruka na kila kitu ndani kitalegea.

Shokapu hufa kwa joto. Barabara ya vumbi yenye vimatuta vya rasta kilomita nyingi huichemsha oili ndani yake hadi itoe povu, na hapo gari linaanza kuelea. Simama baada ya saa moja ya njia hiyo, peleka mkono karibu na kila shokapu. Zote ziwe za moto kwa kiasi kimoja. Iliyobaki baridi haifanyi kazi.

Kama gari lako lina springi za majani, beba bolti ya katikati na yubolti mbili. Safari moja bolti ya katikati ilinikatikia siku ya nne. Ekseli ilisogea nyuma upande mmoja na gari likawa linakwenda kiubavuubavu kama kaa. Tulikaa siku nzima chini ya gari, tukairudisha ekseli mahali pake kwa jeki na mkanda wa kukaza, tukafunga bolti mpya. Ilikuwa na uzito usiofika nusu kilo, na bila hiyo tungekaa hapo wiki.

Ukimaliza kukaza kila nati ya chini ya gari, chora mstari wa rangi unaopita juu ya nati na bolti yake. Kila jioni ukimulika tochi, mstari uliovunjika utakuambia ni nati ipi imezunguka.

Hatua ya 5: Matairi, na upepo ndani yake

Hapa ndipo ningetumia fedha kuliko mahali pengine popote.

Soma ubavu wa tairi. Namba ya mzigo ni muhimu kuliko sura ya kashata (meno ya tairi): 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450. Chukua uzito wa ekseli ya nyuma kwenye daftari, gawa kwa mbili, na uhakikishe tairi lina nafasi ya kutosha juu ya hapo. Kuna pia namba nne za tarehe: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi lenye kashata nzuri lakini la zaidi ya miaka sita nalitazama kwa shaka, na porini silipeleki.

Matairi yote, pamoja na ya akiba, yawe ya saizi moja. Tairi la kipenyo tofauti kwenye 4x4 iliyofungwa linazikaza gia hadi kitu kikatike. Mbali na msaada, chukua mawili ya akiba. Ringi za chuma zinagongwa nyundo zikanyooka, za aloi hupasuka.

Upepo ndio kifaa chako kikuu cha kujikwamua, na hauna uzito. Ukiupunguza, tairi linarefuka chini kama unyayo, linagawa mzigo juu ya mchanga na linajikunja juu ya mawe badala ya kuyapiga. Vipimo vya kuanzia kwa pikapu yenye mzigo, tairi likiwa baridi:

- Lami: kama kibati kinavyosema kwa mzigo kamili, mara nyingi karibu 40 psi (kipimo cha upepo) nyuma
- Vumbi gumu na kokoto: punguza robo, ufike karibu 30, mwendo usizidi kilomita 70 au 80 kwa saa
- Mchanga: 16 hadi 18, mwendo chini ya 40
- Umekwama kabisa: 12 hadi 14, taratibu sana, bila kukata kona kwa nguvu, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi

Namna ya kujua umepatia: pima tairi likiwa baridi asubuhi, pima tena baada ya saa moja ya mwendo. Likipanda kwa takriban 4 psi, uko sawa. Likipanda zaidi ya 6, upepo ni mdogo mno, mwendo ni mkubwa au mzigo umezidi, na ubavu unachemka. Usitoe upepo kwenye tairi la moto ili namba ishuke, utalizidishia tatizo.

Pampu ya upepo iunganishwe moja kwa moja kwenye betri kwa klipu zake. Tundu la kiberiti cha sigara mara nyingi lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15, na pampu nzuri inakula zaidi ya hapo. Beba kamba za pancha, vali za ziada, kipimo kizuri cha upepo na kingine cha pili. Jifunze kuziba pancha bila kuvua tairi. Ni dakika tano. Ukivua gurudumu kwa sababu yoyote, kaza tena nati baada ya kilomita 50.

Hatua ya 6: Kubeba mafuta na maji

Mafuta yakae kwenye madumu ya chuma, nje ya kabini, yamefungwa yasitikisike. Ukijaza dumu, liweke chini juu ya ardhi, usijazie juu ya bodi la plastiki: umeme tuli unaweza kuruka. Mwaga madumu kwenye tangi mapema, pindi tu nafasi inapopatikana. Uzito unashuka chini na dumu linalovuja haliwi tena hatari.

Maji yagawe kwenye vyombo visivyopungua vitatu. Tangi moja kubwa likipasuka kwenye jiwe, safari imegeuka kuwa dharura. Chombo kimoja kidogo cha lita 10 kikae ndani ya kabini na kisiguswe. Maji ya kijito yachuje kwa kitambaa, kisha yachemshe yatokote kwa dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Hatua ya 7: Umeme

Lengo ni moja: chochote kitakachotokea kwa friji na taa, asubuhi injini iwake. Betri ya pili itengane na ile ya kuwashia.

Friji ya lita 40 hadi 50 kwenye joto hula wastani wa ampea 2, yaani karibu ampea-saa 48 kwa siku. Betri ya AGM (betri ya risasi iliyozibwa) ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo inakupa siku moja tu. Ya lithiamu ya 100 inakupa 80 au zaidi kwa chini ya nusu ya uzito, ila haipendi joto la ndani ya boneti na haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Iweke nyuma ya siti. Paneli ya sola ya wati 100 kwenye jua zuri inarudisha karibu 28 kwa siku. Mbili zinakuwezesha kukaa kambini siku kadhaa bila kuwasha injini.

Alteneta za magari mapya hupunguza volti zenyewe, kwa hiyo betri ya pili inahitaji chaja ya betri kwa betri. Waya uwe mnene. Kwa ampea 25 na umbali wa mita 5, waya wa milimita 6 za mraba hupoteza karibu robo tatu ya volti kwenda na kurudi, na betri haijai kamwe. Wa 16 hupoteza robo tu. Weka fyuzi sentimita 20 hivi kutoka kwenye nguzo ya betri. Waya mnene usio na fyuzi ukisuguliwa na chesi hadi ukachubuka, gari linawaka moto. Upitishe ndani ya mpira kila unapovuka tundu la bati.

Hatua ya 8: Kujikwamua

Mpangilio wa kujikwamua ni huu. Acha kukanyaga mafuta mara gurudumu linapozunguka bila kusogea. Shuka. Punguza upepo. Chimba mbele ya magurudumu yote na chini ya difu. Rudi nyuma kwa njia uliyojia kama inawezekana. Ikishindikana, ingiza vibao vya kukwamulia vibane chini ya tairi. Ukifanya hayo kwa utulivu, mara nyingi hutahitaji kitu kingine.

Koleo liwe la mpini mrefu, kwa sababu unachimba chini ya gari. Jeki ya chupa na ubao mnene wa sentimita 40 kwa 40 ndiyo jozi ninayoiamini. Jaribu nyumbani gari likiwa na mzigo wote: je, jeki inanyanyua tairi hewani kweli?

Winchi nimeikata kwenye mfano wetu, na hapa naeleza kwa nini. Kwenye jangwa la mchanga hakuna mti wa kuifunga, na kilo 95 puani ndizo zinazokuzamisha. Kama unakwenda peke yako kwenye msitu na tope, irudishe, ukate kingine. Chagua yenye nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limejaa: kwa kilo 3,200 ni 4,800. Kumbuka nguvu hiyo ni ya mzunguko wa kwanza tu wa kamba kwenye gurudumu lake. Kila tabaka linaloongezeka linaipunguza.

Sehemu za kufungia kamba ya kuvuta ziwe zimefungwa kwenye chesi kwa bolti imara na zimeandikwa uzito wake. Vile vitanzi vyembamba vya kufungia gari melini si vya kuvutia. Kamwe, kwa sababu yoyote, usifunge kamba kwenye kichwa cha mviringo cha kukokotea trela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na watu wameuawa hivyo. Kila avutaye na atazamaye akae mbali, nje ya mstari wa kamba, na juu ya kamba pawekwe koti zito au mfuko wa mchanga.

Kuvuka mto kuna utaratibu wake. Tembea kwanza kwa miguu ukiwa na fimbo, isipokuwa maji yana kasi ya kukubeba au wanyama wa hatari, hapo usivuke. Injini ikizima katikati ya maji, usiiwashe tena. Maji hayabanwi kama hewa, na yakiwa ndani ya silinda yatapinda mkono wa pistoni.

Hatua ya 9: Mahali pa kulala, jiko na moto

Hili halina mengi. Mtungi wa gesi usimame wima, sehemu yenye hewa, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hujikusanya chini. Usipike wala kuweka makaa ndani ya hema. Gesi ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye moto haina harufu na huua usingizini.

Nyasi kavu zinahitaji uangalifu zaidi. Hujikusanya juu ya ekzosi na propela, na magari mapya ya dizeli yanapounguza masizi kwenye chujio la moshi, joto hupita nyuzi 500. Ukiwa kwenye nyasi ndefu, simama kila nusu saa, ulale chini utazame, uzitoe kwa ndoano ya waya. Kizimamoto kikae mkono wa dereva unapofika, kisifukiwe chini ya mizigo.

Kila kitu ndani kifungwe. Dumu la maji la lita 20 gari likipinduka linakuwa jiwe la kilo 20 linalorushwa ndani ya kabini. Kati ya siti na mizigo weka wavu wa chuma.

Hatua ya 10: Mtu ajue uliko

Kifaa cha dharura cha setilaiti kinachotuma ishara ya 406 MHz husikika na mfumo wa uokoaji wa Cospas-Sarsat popote duniani, lakini lazima ukisajili kwa jina lako na gari lako kabla ya safari. Kifaa cha kutuma na kupokea ujumbe kwa setilaiti kinakupa zaidi: unaweza kueleza kwamba gari limekufa lakini watu ni wazima. Ramani ya karatasi ibebwe hata kama una tatu kwenye simu.

Mwachie mtu mmoja makini karatasi yenye njia, tarehe za kila kambi, na saa kamili ambayo asiposikia kwako atapiga simu. Mkikwama, kaeni na gari. Linaonekana kutoka angani, lina kivuli na maji. Mtu anayetembea haonekani.

Hatua ya 11: Safari ya majaribio

Siku tatu, gari likiwa limejaa kama litakavyokuwa siku yenyewe, kwenye njia mbovu iliyo karibu na msaada. Lala, pika, badilisha tairi, chomoa na kuchaji betri, tumia koleo hata kama hujakwama. Kila baada ya saa mbili simama ushike katikati ya kila gurudumu kwa nyuma ya mkono. Moja likiwa la moto kuliko mengine, beringi imekaza au breki inashika.

Ukirudi, mwaga kila kitu chini na utengeneze mafungu mawili: ulichogusa na usichogusa. Vifaa vya dharura, dawa za huduma ya kwanza na spea vinabaki hata kama havikuguswa. Vingine ambavyo hukuvigusa kwa siku tatu, acha. Mimi kwenye safari ya kwanza nilirudisha ndani kilo 40 za vitu ambavyo mpaka leo sivikumbuki vizuri vilikuwa nini.

Kisha lala chini ya gari na tochi. Tazama mistari ya rangi kwenye nati, mahali waya umesuguliwa, oili mpya kwenye sili, nyufa za rangi kwenye mabano ya chesi. Rekebisha, kaza, chora mistari upya. Rudi mizani tangi likiwa limejaa, maji yamo na watu wote wamekaa ndani. Andika uzito wa ekseli ya mbele na wa nyuma kwenye daftari, weka upepo wa matairi kulingana na namba hizo, na uondoke.